Picha ya ndege ya vita kwenye albamu ya babu: uamini maandishi, umbo, rangi au namba?

Baba mkubwa alinitumia picha kutoka Tabora, na chini yake maneno manne tu: “Babu yako na Spitfire.” Nikampigia, nikamwomba aigeuze apige na mgongo wake. Mgongoni pameandikwa kwa wino wa bluu: Nairobi 1941. Kwa mbele wako askari sita wa Keya (King’s African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), babu ni wa pili kutoka kushoto, kofia yake pana imelala upande. Nyuma yao kuna bawa, propela, mduara wa rangi ubavuni na kipande cha mkia.

Picha ya namna hii ina mashahidi wanne: maandishi ya mgongoni, umbo la ndege, rangi zilizopakwa, na namba. Wa tano ni watu wenyewe na nguo zao. Tabu ni kwamba mashahidi hawa hugombana, na kila mmoja ana swali analolijua na mengine asiyoyajua kabisa. Kwa hiyo kabla hujaamua umsikilize nani, jiulize unatafuta nini: ndege ya aina gani, mwaka gani, wapi, au ni ndege ipi hasa kati ya maelfu zilizofanana nayo.

Mgongo wa picha

Wengi huanza hapa. Mimi naona ndipo pa kumalizia. Maandishi yana sifa moja ambayo wenzake hawana: yanaweza kutaja jina la mtu. Hakuna mduara wa rangi utakaokuambia kwamba wa pili kushoto ni babu yako. Lakini yaliandikwa lini? Ya kwetu yalikuwa ya kalamu ya kawaida yenye kijigololi nchani, ile inayoacha mfereji mwembamba kwenye karatasi ukiiinamisha kwenye mwanga. Kalamu hizo zilianza kuuzwa Marekani Oktoba 1945, basi “1941” hii haikuandikwa 1941. Baba mkubwa nilipombana alicheka. “Mwanangu, niliandika mimi, mwaka tuliohamia nyumba hii. Mzee mwenyewe alikuwa ameshatangulia.”

Penseli iliyofifia, mhuri wa studio au mhuri wa mkaguzi wa barua za jeshi ningevipa uzito zaidi. Wino wa kalamu ya dukani unakuambia familia inaamini nini, na hilo nalo lina thamani yake, ila si ushahidi wa ndege.

Umbo: Hurricane au Spitfire?

Kwetu kila ndege ya vita yenye propela moja ni Spitfire, kama ambavyo kila sabuni ya unga ni Omo. Waingereza waliunda Spitfire zaidi ya 20,000 na Hurricane zaidi ya 14,000, na zote mbili zilianza na injini ile ile ya Merlin, kwa hiyo kuzichanganya si aibu. Ila zikisimama ardhini, kuzitofautisha ni kazi ya dakika moja.

Tazama miguu kwanza. Miguu ya Hurricane imetanuka, magurudumu yako umbali wa karibu mita 2.3, na ikiruka hukunjwa kwenda ndani, chini ya tumbo. Ya Spitfire imebanana, karibu mita 1.7, na hukunjwa kwenda nje, ndani ya mabawa. Kisha tazama rejeta. Hurricane ina moja kubwa, katikati ya tumbo, kama mtu aliyejifunga mzigo kiunoni. Spitfire imezitundika chini ya mabawa. Kioo cha rubani wa Hurricane kina vipande vingi kama dirisha la nondo. Na mgongo wake una nundu, huku nusu ya nyuma ya kiwiliwili ikiwa ni kitambaa kilichovutwa juu ya fremu, hata kwenye picha safi utaona mbavu zimejichora kwa urefu kama za ng’ombe wa kiangazi. Spitfire ni bati laini tangu pua hadi mkia.

Ikiwa kweli ni Spitfire, umbo linaweza kukusogeza hadi kwenye mwaka. Hesabu mirija ya ekzosi upande mmoja wa injini: mitatu ni aina za mwanzo mpaka ile ya tano, iliyoingia vitani 1941, sita ni aina ya tisa, iliyoanza kazi katikati ya 1942. Aina ya tisa ina propela ya mapanga manne na rejeta zinazolingana chini ya mabawa yote mawili, wakati ya tano ina kubwa upande wa kulia na mrija mwembamba wa kupoza oili upande wa kushoto. Mjerumani naye ana alama zake: Messerschmitt 109 aina ya E ina ncha za mabawa zilizokatwa mraba na vijiti vinavyoshikilia mabawa madogo ya mkiani, aina ya F, ya 1941, ina ncha za mviringo na vijiti hivyo havipo.

Na kwa kuwa tumetaja kulia na kushoto, hakikisha picha haikusafishwa kinyume. Mlango mdogo wa rubani wa Spitfire uko ubavu wa kushoto. Ukiuona kulia, filamu iligeuzwa. Ikiwa ndege ni nyingine, tazama vifungo vya makoti ya wanaume.

Sasa picha yetu. Miguu imetanuka. Kati ya kiwiko cha babu na bega la mwenzake zinaonekana mbavu tatu za kitambaa. Na mbele ya bawa imechomoza mirija miwili minene, mirefu kama mkono wa mtu. Hii ni Hurricane, na si Hurricane yoyote: ni aina ya pili C, yenye mizinga minne ya milimita 20, miwili kila bawa. Zile Hurricane ambazo Waafrika Kusini walipigania nazo kutokea Kenya 1940 na 1941 zilikuwa aina ya kwanza, zenye bunduki nane za rashasha zilizofichwa ndani kabisa ya bawa, matundu yake yakizibwa kwa vipande vya kitambaa. Hapo “Nairobi 1941” ikaanza kuchechemea.

Udhaifu wa umbo ni huu: linakupa “si kabla ya”, halikupi “si baada ya”. Ndege iliyotoka kiwandani 1942 ingeweza kupigwa picha 1945 na umbo lisiseme neno.

Rangi ndiyo kalenda

Kama nia yako ni mwaka, na nchi, acha mengine uanze na rangi. Umbo la ndege lilibadilika kiwandani, polepole. Rangi ilibadilishwa kwa amri, na mafundi wakachukua brashi wiki hiyo hiyo au mwezi uliofuata.

Mduara wenyewe una kisa. Vita vya kwanza vilipoanza 1914 Waingereza walichora bendera yao chini ya mabawa. Ikaonekana kwamba kwa mbali msalaba wa bendera unafanana na msalaba wa Mjerumani, na askari wa ardhini walikuwa wanafyatulia chochote kirukacho. Kabla mwaka haujaisha wakaiga mduara wa Wafaransa, wakageuza mpangilio: nyekundu katikati, nyeupe, bluu nje.

Katika vita vya Hitla mduara huo ulibadilika mara kadhaa. Tarehe za kukariri si nyingi. Mei 1940 mistari mitatu ya rangi ilianza kuchorwa kwenye pezi la mkia, lile bapa lililosimama wima mbele ya usukani. Kati ya Aprili 1939 na Juni 1940 matumbo ya ndege nyingi za kivita za Uingereza yalipakwa nusu nyeusi nusu nyeupe, kitu ambacho ukikiona mara moja husahau. Mwishoni mwa 1940 zile za mchana zilivishwa mkanda mwembamba wa rangi ya maji ya anga karibu na mkia. Katikati ya 1942 pete nyeupe na ile ya njano iliyouzungushia mduara kwa nje zilipunguzwa unene, kwa kuwa zilikuwa zinaonekana mbali mno. Juni 1944, kwa ajili ya kushuka Normandy, pwani ya Ufaransa, mabawa na viwiliwili vilipigwa mistari mitano, mitatu nyeupe na miwili nyeusi. Mwisho wa mwaka ilikuwa imeondolewa. Ndege ya Marekani ni rahisi zaidi: nyota yenye kitone chekundu katikati ni kabla ya katikati ya 1942, na nyota yenye mabawa mawili meupe ubavuni ni kuanzia katikati ya 1943.

Tatizo ni kwamba picha zetu ni nyeusi na nyeupe, na hapa ndipo wengi huteleza. Filamu za zamani za namna moja zilikuwa hazioni rangi nyekundu. Kwenye filamu hizo nyekundu hutoka nyeusi, njano hutoka giza, na bluu hutoka nyeupe kama moshi. Filamu za namna nyingine, zinazoona rangi zote, hufanya nyekundu na bluu zikaribiane na njano ing’ae. Ndege moja, siku moja, kamera mbili: kwenye picha ya kwanza ina pete nyeusi nje ya mduara, kwenye ya pili ina pete nyeupe. Watu wamebishana mpaka usiku juu ya pete ya njano.

Dawa yake iko mkiani. Kwenye mistari ile mitatu nyekundu huwa mbele daima, upande wa pua. Tazama mstari wa mbele na wa nyuma, ulinganishe. Wa mbele mweusi na wa nyuma umefifia? Filamu haikuona nyekundu, na sasa unajua jinsi ya kusoma rangi nyingine zote pichani.

Nilipoikuza picha ya babu nilipata kinyume cha nilichotarajia. Mstari wa mbele ni mweupe-mweupe, wa nyuma ni giza. Na mduara wa ubavuni, mdogo kama sinia ya chai, una ukingo wa giza na katikati peupe. Hakuna filamu ya kawaida ya kugeuza nyekundu ikawa nyeupe namna hiyo huku bluu ikibaki giza. Maana yake nyekundu haikuwepo.

Na mahali ambapo Waingereza waliiondoa nyekundu panajulikana. Mjapani alikuwa na duara jekundu juu ya mabawa yake, na rubani aliye na nusu sekunde ya kuamua hasubiri kuona kama kuna bluu pembeni. Kwenye uwanja wa vita wa India na Burma, kuanzia 1943, mduara ukawa wa bluu nzito nje na bluu ya maziwa katikati, na mistari ya mkia ikafuata rangi hizo hizo, nyepesi mbele. Waaustralia walifanya jambo la jirani na hilo kwa kuweka nyeupe katikati, ila Keya hawakupigana huko New Guinea. Walipigana Bama, yaani Burma. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliundwa 1943, ikapitia Ceylon (Sri Lanka ya leo), na katika mvua za 1944 ikashuka Bonde la Kabaw ikimfukuza Mjapani mpaka mto Chindwin, chakula chake kikidondoshwa na ndege kwa sababu barabara zilikuwa tope.

Nikarudi kwa shahidi wa tano, nguo. Kaki na kijani cha msituni haviachani kwenye picha nyeusi na nyeupe, hapo usijisumbue. Lakini mkononi mwa askari wa mwisho kulia, juu kidogo ya kiwiko, kuna kibandiko chenye kichwa cha kifaru. Kifaru mnyama, si kile cha chuma. Ndiyo nembo ya divisheni hiyo.

Rangi ikigombana na umbo

Kwa mwenye picha za Kenya za 1940 kuna mtego ambao nisipoutaja nitakuwa nimekudanganya. Juni 1940, Italia ilipoingia vitani, ndege za Afrika Kusini zilirushwa kutoka Kenya kwenda kupiga Moyale. Zilikuwa Junkers 86. Za Mjerumani! Shirika la ndege la Afrika Kusini lilizinunua kabla ya vita kwa ajili ya abiria, vita vilipokuja jeshi likazichukua, na Junkers 52 za injini tatu vilevile. Mtu anayesoma umbo peke yake ataona Wajerumani wamefika Kenya. Mtu anayetumia kanuni ya “injini tatu ni Mwitaliano”, ambayo kwa Caproni na Savoia-Marchetti inafaa, naye ataanguka. Hapo rangi ndiyo huamua: mduara wa Afrika Kusini wakati ule ulikuwa na rangi ya chungwa mahali pa nyekundu. Umbo lilisema nani aliiunda, rangi ikasema nani anairusha.

Wenye picha za Kilindini, Dar es Salaam au Kisumu wana ugomvi wao, ule wa ndege za kutua majini. Catalina ina injini mbili, bawa lake limeinuliwa juu ya nguzo kama paa la kibanda, na ubavuni kuna mapovu mawili makubwa ya kioo. Vielea vya ncha za mabawa hukunjwa juu vikawa ndizo ncha zenyewe. Ndizo zilizokaa Kipevu, Mombasa, na Dar kuwinda nyambizi. Agosti 1943 Catalina za skwadroni mbili, ya 259 na ya 265, ziliizamisha U-197 kusini mwa Madagascar. Sunderland ni nene, injini nne, vielea vyake havikunjwi, na ina vyumba vya bunduki puani na mkiani.

Lakini kabla hujaandika “Sunderland” tazama tena pua. Ndugu yake wa kiraia, ile ya Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, iliyobeba barua na abiria kupita Kisumu, Mombasa na Dar tangu 1937, ina umbo karibu lile lile bila bunduki, na safu ya madirisha ubavuni. Badala ya mduara ina herufi zinazoanza na G, na wakati wa vita herufi hizo zilipigiwa mstari wa nyekundu, nyeupe na bluu. Picha nyingi zinazoitwa za kijeshi ni za abiria waliosubiri boti ya kuwapeleka pwani.

Herufi kubwa na namba ndogo

Ubavuni mwa ndege ya Uingereza huwa kuna maandishi ya aina mbili, na macho hukimbilia yasiyofaa. Herufi kubwa, mbili upande mmoja wa mduara na moja upande wa pili, ni za skwadroni. Zinapendeza, na zinakufikisha kwenye kikosi: AJ ni skwadroni ya 617, kwa mfano. Lakini ile herufi ya peke yake ni kama jezi. Ndege ikianguka leo, kesho inayokuja hupewa herufi hiyo hiyo. Wengine wakaona “G” mbili kwenye picha mbili wakadhani ni moja.

Namba ndogo karibu na mkia ndiyo jina la ndege, haigawiwi tena. Mwanzoni ilikuwa herufi moja na tarakimu nne, kama K5054, Spitfire ya kwanza kabisa. Herufi zilipoisha zikawa mbili na tarakimu tatu, kuanzia AA100. Waliruka mafungu ya namba makusudi ili adui asijue wameunda ngapi. Lancaster, ndege ya mabomu, ya rubani Guy Gibson, iliyokwenda kubomoa mabwawa ya Ujerumani Mei 1943, ilikuwa na AJ-G ubavuni, ila jina lake ni ED932, na mwishoni mwake ikaongezwa /G nyingine, maana yake ndege hii ilindwe saa zote ikiwa ardhini. Hiyo G haina uhusiano na ile ya kwanza. Ukiwa na namba kamili unaweza kuifuata kwenye daftari za kila siku za skwadroni zilizoko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Uingereza, Kew, London, ujue iliruka lini na nani.

Kosa la namba ni kwamba haipatikani. Ni fupi, iko nyuma, na watu husimama mbele yake. Wakaguzi wa vita nao walikuwa wakiikwangua kwenye picha kabla ya kuchapishwa, kwa hiyo ubavu mtupu si ushahidi wa kitu.

Nilimwomba baba mkubwa aipeleke picha kwa kijana wa stesheneri aiskani kwa ukubwa wa mwisho badala ya kuipiga kwa simu. Akarudisha faili zito. Karibu na mkia ikaonekana L, kisha mstari wa kusimama wa herufi nyingine, kisha ukingo wa kofia ya babu umefunika tarakimu zote isipokuwa 6 ya mwisho. Herufi mbili zinazoanza na L, kama LB, LD na LE, ni za Hurricane za miaka ya mwisho ya kuundwa kwake, na hilo linakubaliana na mizinga, na mduara, na kifaru. Kuitafuta zaidi ya hapo nisingeweza: Hurricane zinazoanza na L na kuishia na 6 ni nyingi, na kofia ya babu haiondoki.

Nikamweleza baba mkubwa yote kwa simu. Alinyamaza kidogo. “Kwa hiyo si Spitfire.” Nikamwambia siyo, baba. “Na si Nairobi.” Siyo. Jioni akatuma tena picha ya mgongo. Ule wino wa bluu hakuufuta. Chini yake ameandika kwa penseli, herufi kubwa za mtu asiyeona vizuri: BAMA 1944, na alama ya kuuliza.